Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (Paris, Ufaransa, 18 Machi 1858 – baharini kati ya Ubelgiji na Uingereza, usiku wa 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila cheche. Injini hiyo huitwa injini ya dizeli kufuatana na jina lake la ukoo, na mafuta yake huitwa dizeli katika Kiswahili na katika lugha nyingine nyingi.

Leo injini ya aina hiyo huendesha sehemu kubwa ya malori, meli, matrekta na jenereta duniani. Nchini Tanzania inasukuma karibu malori yote yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda bara na nchi jirani. Diesel mwenyewe hakuona malori ya dizeli yakienea barabarani: alifariki mwaka 1913, akiwa amefilisika.

Familia na utoto

Rudolf alizaliwa mjini Paris, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake, Theodor Diesel, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kutoka mji wa Augsburg katika Bavaria, na mjini Paris alitengeneza bidhaa za ngozi. Mama yake, Elise Strobel, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Nuremberg. Familia haikuwa tajiri, na Rudolf alimsaidia baba katika karakana tangu utotoni.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipoanza, Wajerumani waliokaa Paris walilazimika kuondoka. Familia ya Diesel ilihamia London ikiwa haina kitu. Baada ya muda mfupi wazazi walimpeleka Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, kuishi Augsburg kwa shangazi yake na mume wake, Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya ufundi ya mji huo. Kwa njia hiyo mtoto aliyelelewa kwa Kifaransa alisoma kwa Kijerumani, na baadaye alizungumza vizuri Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza.

Masomo

Akiwa na miaka 14 Diesel aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi. Mwaka 1873 alimaliza shule akiwa wa kwanza darasani, akaendelea katika shule mpya ya viwanda ya Augsburg. Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich. Wazazi wake walitaka aanze kazi ili aisaidie familia, lakini aliukubali ufadhili huo.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa joto na mvumbuzi wa mitambo ya kupozea. Katika masomo yake Diesel alijifunza kwamba injini za mvuke za wakati ule zilitumia sehemu ndogo sana ya joto la makaa kufanya kazi, kwa kawaida asilimia 10 au chini yake. Sehemu iliyobaki ilipotea kwenye moshi na mvuke. Alijifunza pia nadharia ya Mfaransa Sadi Carnot, aliyeonyesha mwaka 1824 kwamba injini ya joto inaweza kufanya kazi kwa ufanisi mkubwa zaidi kadiri tofauti ya halijoto ndani yake inavyokuwa kubwa. Tangu hapo Diesel alikuwa na lengo la kutengeneza injini itakayokaribia kikomo hicho cha Carnot.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo akashindwa kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Wakati wa kusubiri alifanya kazi kwa mikono katika kiwanda cha Sulzer mjini Winterthur, Uswisi. Alihitimu Januari 1880 kwa alama za juu kabisa.

Kazi ya barafu

Baada ya kuhitimu Diesel alirudi Paris kumsaidia Linde kujenga kiwanda cha barafu, na baada ya mwaka mmoja akawa mkurugenzi wake. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche. Walikuwa na watoto watatu: Rudolf, Heddy na Eugen. Eugen alikuwa mwandishi na baadaye aliandika maisha ya baba yake.

Kando ya kazi yake Diesel alijaribu kwa miaka kadhaa kutengeneza injini inayotumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji. Jaribio moja lililipuka na kumjeruhi vibaya. Alilazwa hospitalini kwa miezi mingi, na afya yake haikurudi kama awali. Mwaka 1890 alihamia Berlin, bado akiwa mfanyakazi wa Linde. Kwa kuwa hakuruhusiwa kutumia kwa faida yake hataza alizozipata katika kazi ya kupoza, alielekeza nguvu zake zote kwenye injini.

Wazo na hataza

Injini za mwako wa ndani zilikuwepo tayari. Nikolaus Otto alikuwa ametengeneza injini ya mapigo manne mwaka 1876, ambayo huvuta mchanganyiko wa hewa na gesi au petroli na kuuwasha kwa moto au cheche. Mchanganyiko huo hauwezi kugandamizwa sana, kwa sababu utawaka kabla ya wakati wake. Diesel aliamua kugandamiza hewa peke yake. Hewa ikibanwa kwa nguvu hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto inapotumika. Ikibanwa vya kutosha inakuwa na joto la kuwasha mafuta yatakayoingizwa baadaye, wakati pistoni imefika juu.

Aliomba hataza mjini Berlin mwezi Februari 1892 na kuipata mwaka uliofuata. Mwaka 1893 alichapisha pia kitabu kilichoeleza nadharia ya injini yenye ufanisi, ambayo alidai ingechukua nafasi ya injini ya mvuke. Hesabu zake za awali zilitaka mgandamizo wa takriban mara 250 ya hewa ya kawaida, kiasi ambacho hakuna chuma cha wakati ule kingeweza kukistahimili katika injini. Aliishusha namba hiyo hatua kwa hatua, na pia alibadilisha maelezo yake kuhusu jinsi mwako unavyoendelea. Mabadiliko hayo yaliwapa wapinzani wake hoja kwamba injini iliyofanya kazi haikuwa ile iliyoandikwa kwenye hataza ya kwanza.

Majaribio ya Augsburg

Heinrich von Buz, mkurugenzi wa kiwanda cha mashine cha Augsburg, alikubali kujenga injini ya majaribio. Kampuni ya Krupp ilijiunga na kumlipa Diesel posho ya kila mwaka. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka minne.

Tarehe 10 Agosti 1893 mafuta yaliingizwa kwa mara ya kwanza kwenye silinda. Yaliwaka kwa kishindo kikubwa kiasi kwamba kifaa cha kupimia kililipuka, na Diesel na wasaidizi wake waliponea chupuchupu. Injini haikuzunguka yenyewe, lakini jambo moja lilithibitika: joto la mgandamizo linatosha kuwasha mafuta bila moto wa nje.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ya pili ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa takriban dakika moja. Wakati huo ilikuwa bado imefungwa ukanda kutoka mashine nyingine iliyokuwa ikiizungusha. Fundi mmoja aliyekuwa karibu aliona ukanda unavutwa upande mwingine, akatambua kwamba sasa injini ndiyo inayousukuma.

Tatizo gumu kuliko yote lilikuwa kuingiza mafuta kidogo sana, kwa wakati kamili, ndani ya silinda yenye hewa iliyobanwa mno. Pampu za wakati ule hazikuweza kazi hiyo. Diesel alitumia kompresa iliyopuliza mafuta ndani kwa nguvu ya hewa. Njia hii ilifanya kazi, lakini kompresa ilikuwa nzito, ghali na yenye kuharibika mara kwa mara.

Tarehe 17 Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini ya tatu. Ilikuwa na silinda moja, urefu wa takriban mita 3 na nguvu ya karibu farasi 20. Ilitumia asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta, zaidi ya injini yoyote ya joto iliyojulikana. Injini hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich.

Jinsi injini inavyofanya kazi

Injini ya dizeli ya mapigo manne hufanya kazi kwa hatua zifuatazo:

1. Pistoni inashuka na kuvuta hewa tupu kupitia valvu ya kuingizia.
2. Valvu zinafungwa, pistoni inapanda na kuibana hewa. Katika malori ya siku hizi hewa hubanwa hadi karibu sehemu moja ya 16 hadi 18 ya ujazo wake, na halijoto yake hupita nyuzi 500 za Selsiasi.
3. Pistoni inapokaribia juu, nozeli inanyunyiza dizeli kama ukungu. Mafuta yanawaka, gesi inatanuka na kuisukuma pistoni chini. Hili ndilo pigo la kazi.
4. Valvu ya kutolea inafunguka na pistoni inasukuma moshi nje.

Kwa sababu hiyo injini ya dizeli haina plagi za cheche. Plagi zilizopo katika baadhi ya injini ni za kupasha joto chumba cha mwako wakati wa kuwasha tu. Nguvu ya injini haidhibitiwi kwa kupunguza hewa, ila kwa kubadilisha kiasi cha mafuta kinachonyunyizwa.

Utajiri, kesi na ugonjwa

Baada ya jaribio la 1897 wenye viwanda wa nchi nyingi walinunua leseni. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia huko Marekani, alilipa marki milioni moja kwa haki za nchi yake. Emanuel Nobel alinunua haki za Urusi mwaka 1898. Mwaka huohuo ilianzishwa mjini Augsburg kampuni ya kusimamia hataza zote, na Diesel alipata marki milioni 3.5, sehemu kubwa ikiwa hisa. Katika muda wa miaka miwili akawa milionea, na baadaye alijenga nyumba ya fahari mjini Munich.

Lakini injini ilikuwa imeuzwa kabla haijakomaa. Injini za kwanza za biashara, zilizopelekwa mwaka 1898 kwenye kiwanda cha viberiti cha Kempten, ziliharibika mara kwa mara, na malalamiko yakaja pia kutoka kwa wanunuzi wengine. Kiwanda kipya cha Augsburg kilichopewa jina la Diesel kilishindwa na kufungwa. Ilichukua miaka mingine kadhaa ya kazi ya wahandisi, akiwemo Imanuel Lauster wa Augsburg, hadi injini ikawa ya kutegemewa.

Wakati huohuo Diesel alishtakiwa na mhandisi Emil Capitaine, aliyedai kutangulia katika wazo hilo. Nchini Uingereza wengi walimtaja Herbert Akroyd Stuart, aliyepata hataza mwaka 1890 ya injini inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Injini ya Akroyd Stuart ilitumia kichwa kilichopashwa moto kwanza, na mgandamizo wake ulikuwa mdogo. Kwa hiyo wanahistoria wengi huihesabu kama aina tofauti, ingawa unyunyizaji wake bila kompresa uko karibu zaidi na injini za leo. Diesel alishinda kesi, lakini mwishoni mwa 1898 alilazwa kwa uchovu mkubwa wa akili. Maumivu ya kichwa na vipindi vya huzuni vilimrudia hadi mwisho wa maisha yake.

Mafuta ya karanga

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900 injini ya dizeli ilipata tuzo kuu. Katika maonyesho hayo kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo iliyotumia mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa kuwa karanga zilistawi katika makoloni yake ya Afrika na ilitafuta njia ya kupata nishati huko bila kuagiza makaa au mafuta. Injini ilifanya kazi vizuri, na watazamaji wachache tu walitambua tofauti.

Diesel aliendelea kulifuatilia jambo hilo, na mwaka 1912 alieleza kwamba mafuta ya mimea yangeweza siku moja kuwa muhimu kama mafuta ya petroli. Katika Tanganyika karanga zililimwa kwa mradi mkubwa wa Waingereza huko Kongwa na Nachingwea baada ya mwaka 1946, lakini lengo lilikuwa mafuta ya kula, na mradi ulishindwa. Wazo la dizeli ya mimea lilirudi Tanzania katika miaka ya 2000 kwa kilimo cha mbono kaburi katika maeneo kama Kisarawe, jirani na Dar es Salaam, lakini nalo halikudumu.

Mawazo kuhusu jamii

Diesel alitumaini kwamba injini ndogo na ya bei nafuu ingemwokoa fundi mdogo. Katika karne ya 19 injini ya mvuke ilikuwa kubwa na ghali, hivyo ilimfaa mwenye kiwanda kikubwa peke yake, na mafundi waliofanya kazi nyumbani, kama baba yake, walishindwa kushindana naye. Injini inayoweza kukaa katika karakana ndogo ingewarudishia uwezo.

Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu mshikamano wa wafanyakazi. Alipendekeza wafanyakazi wachangie kiasi kidogo kila siku katika mfuko wa pamoja, na mfuko huo uwe dhamana ya kuanzisha viwanda vya ushirika vinavyomilikiwa na wafanyakazi wenyewe. Diesel alikithamini kitabu hicho sana, lakini kilisomwa na watu wachache. Injini nayo ilielekea upande mwingine: katika maisha yake ilinunuliwa hasa na viwanda vikubwa, kampuni za umeme na majeshi ya majini.

Miaka ya mwisho

Wakati sifa za injini zilipoongezeka, mali za Diesel zilipungua. Alipoteza fedha nyingi katika ununuzi wa viwanja mjini Munich na katika visima vya mafuta vya Galicia. Hataza zake za msingi zilimalizika mnamo 1907 na 1908, na tangu hapo kiwanda chochote kiliweza kujenga injini yake bila kumlipa.

Injini yenyewe iliingia baharini. Mwaka 1903 injini za dizeli ziliendesha vyombo vya kwanza kwenye mito na mifereji ya Urusi na Ufaransa. Mwaka 1910 meli Fram ilimpeleka Roald Amundsen kuelekea Antaktiki ikiwa na injini ya dizeli. Mwaka 1912 meli Selandia ya Denmark, mojawapo ya meli kubwa za kwanza za dizeli, ilivuka bahari kutoka Ulaya hadi Asia ya Mashariki. Mwaka huohuo Diesel alitembelea Marekani na kupokewa kwa heshima. Hata hivyo, mwezi Novemba 1912 alipoeleza mjini Berlin historia ya injini yake, baadhi ya maprofesa walimkosoa hadharani. Mwaka 1913 kilitoka kitabu cha Johannes Lüders kilichodai kwamba sifa zake ni ngano tupu.

Kifo

Jioni ya 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kuelekea Harwich, Uingereza. Alikuwa anakwenda kwenye mkutano wa kampuni ya injini mjini London pamoja na wenzake wawili. Walikula pamoja, na mnamo saa nne usiku alikwenda chumbani kwake akiomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Asubuhi chumba kilikutwa kitupu na kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimewekwa vizuri kwenye sitaha ya nyuma. Siku kumi hivi baadaye mabaharia wa chombo cha Uholanzi waliona maiti ikielea. Kwa kuwa ilikuwa imeharibika walichukua vitu vya mfukoni tu na kuirudisha baharini. Tarehe 13 Oktoba mtoto wake Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Waandishi wengi wa maisha yake wanaona kwamba alijiua. Katika kitabu chake cha kumbukumbu tarehe ya siku hiyo ilikuwa imewekwa alama ya msalaba. Kabla ya safari alikuwa amemwachia mkewe mkoba uliokuwa na fedha taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti za benki hazina kitu. Wengine wamedai aliuawa na majasusi wa Ujerumani ili asiwape Waingereza siri za injini za nyambizi, au na wafanyabiashara wa mafuta. Hakuna ushahidi uliothibitisha madai hayo.

Injini yaingia kwenye lori

Injini za enzi ya Diesel zilikuwa nzito mno kwa gari. Mabadiliko matatu yaliziwezesha kuingia barabarani. La kwanza lilikuwa kuondoa kompresa: mwaka 1909 Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alibuni chumba kidogo cha kuanzia mwako, na kuanzia 1927 kampuni ya Robert Bosch ilitengeneza kwa wingi pampu za kunyunyiza dizeli. La pili lilikuwa chuma bora na chepesi. La tatu lilikuwa turbo, iliyobuniwa na Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905: moshi unaotoka unazungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda.

Malori ya kwanza ya dizeli yalitokea Ujerumani mwaka 1923 na 1924, yakitengenezwa na Benz, Daimler na MAN, kampuni iliyotokana na kiwanda kilekile cha Augsburg. Magari madogo ya dizeli yalianza kuuzwa mwaka 1936. Nchini Japani Yamaoka Magokichi, mwanzilishi wa kampuni ya Yanmar, alitengeneza mwaka 1933 injini ndogo ya dizeli iliyowafaa wakulima na wavuvi.

Dizeli nchini Tanzania

Katika Tanganyika ya wakati wa Wajerumani nguvu kubwa ilitokana na mvuke. Meli Graf von Götzen, ambayo leo inaitwa Liemba, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, mwaka aliofariki Diesel, na kuunganishwa Kigoma ikiwa na injini za mvuke. Katika miaka ya 1970 ilifungwa injini za dizeli na kuendelea kusafiri katika Ziwa Tanganyika.

Malori ya dizeli yalipata umuhimu mkubwa baada ya Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na njia ya Zambia ya kwenda kusini ikawa mashakani. Mafuta na bidhaa za Zambia zilisafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia barabara ya vumbi na matope yenye ajali nyingi. Baadaye barabara hiyo iliwekwa lami, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975 ikitumia injini za dizeli. Malori ya Scania yaliunganishwa Kibaha, na katika vijiji vingi mashine za kusaga unga huendeshwa kwa injini ndogo za dizeli.

Karakana za Dar es Salaam

Kutokana na wingi wa malori, maeneo ya nje ya Dar es Salaam yana mafundi wengi wa injini za dizeli. Wilayani Temeke wanapatikana kandokando ya barabara ya Kilwa na barabara ya Mandela. Kinondoni na Ubungo, kandokando ya barabara ya Morogoro. Wengine wamesoma katika vyuo kama VETA Chang'ombe na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, na wengi wamejifunza kwa kukaa chini ya fundi mkubwa kwa miaka kadhaa. Wengi hufanya kazi uani kwa nyumba au chini ya mti, injini ikiwa imening'inizwa kwa mnyororo. Vipuri, vipya na vya mitumba, hununuliwa Kariakoo, hasa Gerezani.

Kazi ya fundi huyo inafuata kanuni ya Diesel moja kwa moja. Injini isiyobana hewa haiwaki, hata kama pampu ni mpya. Ringi zikilika, silinda zikipanuka au valvu zisipokaa vizuri, hewa inavuja, joto halifiki na lori linakuwa gumu kuwaka asubuhi. Ndiyo maana fundi mzoefu hupima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kushusha injini.

Rangi ya moshi nayo husaidia kutambua ugonjwa:

- Moshi mweusi huonyesha mafuta mengi kuliko hewa: chujio chafu, nozeli mbovu, turbo dhaifu au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi.
- Moshi wa bluu huonyesha kwamba oili inaungua, kwa sababu ya ringi, miongozo ya valvu au sili za turbo.
- Moshi mweupe usiokoma huonyesha mafuta yasiyowaka, au maji yanayoingia kwenye silinda kwa gasketi iliyoungua au kichwa cha silinda kilichopasuka.

Hewa ikiingia kwenye bomba la mafuta injini huzimika. Fundi hulegeza nati, akapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Maji au vumbi kwenye dizeli huharibu pampu na nozeli, ambazo nafasi kati ya sehemu zake ni ndogo kuliko unywele. Kazi hizo, pamoja na kuchonga krenki na kuingiza silinda mpya, hupelekwa kwa mafundi wenye mashine maalumu. Nyingine, kama kubadilisha ringi, beringi na gasketi, zinaweza kufanyika nyumbani kwa fundi mradi kuna usafi na vipimo. Bolti za kichwa cha silinda hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji.

Wenye malori ya zamani mara nyingi hutaka nguvu zaidi kwa ajili ya milima kama ya Kitonga. Njia za kawaida ni kufunga turbo pamoja na kipoza hewa, au kuweka injini nyingine yenye nguvu. Kufungua pampu peke yake bila kuongeza hewa huzalisha moshi na joto kuliko nguvu, na huweza kuyeyusha pistoni.

Katika karakana hizo mtaji ni spana na ujuzi. Hazikutokana na mpango wa Diesel wa ushirika. Hata hivyo zinafanana na matumaini yake ya fundi mdogo anayejitegemea kuliko viwanda vilivyonunua leseni zake.

Madhara

Moshi wa dizeli una masizi na gesi za nitrojeni zinazodhuru mapafu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mafundi wanaowasha injini mahali pasipo na hewa ya kutosha. Oili chafu inayomwagwa chini huchafua udongo na maji ya visima.

Kwa sababu hizo nchi nyingi zinatafuta badala yake. Nchini Tanzania treni za umeme za reli mpya zilianza safari mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa malori ya masafa marefu na meli, injini ya dizeli bado inaongoza; injini kubwa za meli hutumia leo karibu nusu ya nishati ya mafuta yake, maradufu ya ile ya 1897.

Kumbukumbu

Diesel alipewa medali ya Elliott Cresson ya Marekani mwaka 1901 na udaktari wa heshima wa chuo cha Munich mwaka 1907. Mjini Augsburg kuna bustani ya ukumbusho yenye mawe, iliyotolewa mwaka 1957 na Yamaoka Magokichi. Kaburi la Diesel halipo, kwa kuwa mwili wake ulibaki baharini.

Tazama pia

- Injini ya mwako wa ndani
- Nikolaus Otto
- Carl von Linde
- MV Liemba
- TAZARA